Bomba Lililopakwa Nta

Stela alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya bomba, mpaka shingoni, wakati jirani yake Josepha alipopita na ndoo yake ya maji na kusimama.

"Wewe mwanamke, umeamua kuhamia humo?"

"Natafuta mwanga." Sauti ya Stela ilitoka ndani nzito kama ya mwanamume. "Nikiona mwanga kuna tundu, na tundu likibaki hewa inavuja, besi inakufa. Washa tochi ya simu uzungushe huko nje. Usisimame tu."

Josepha alitua ndoo, akawasha tochi, akalizunguka bomba polepole kama mtu anayemkagua ng'ombe wa mahari.

"Hapo! Rudi nyuma. Hapo hapo, weka kidole."

Josepha akaweka kidole. Stela akatoka na vumbi la karatasi kwenye nyusi, akachora alama ya mkaa pale kidole kilipokuwa.

Lilikuwa bomba la karatasi ngumu, ukuta wake unene wa kidole gumba, urefu wake kama mtoto wa darasa la kwanza. Mabomba ya namna hiyo yalikuwa yameletwa Igalula kwa ajili ya nguzo za duara za baraza jipya la kanisa. Mafundi walisimamisha bomba, wakamwaga zege ndani, na zege lilipokauka wakalichana bomba na kuacha nguzo imesimama laini. Stela ndiye aliyewapikia mafundi hao wali na maharage kwenye kibanda chake karibu na stesheni. Kazi ilipokwisha, mama lishe wenzake waliomba mifuko mitupu ya saruji. Yeye aliomba kipande cha bomba kilichobaki.

"Utapika nini humo?" fundi mkuu alimuuliza.

"Litapika lenyewe," alijibu, akaondoka nalo kichwani.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Spika ya kwanza aliitengeneza kwa bomba jembamba lililotoka katikati ya roli la kapeti ya plastiki, akaiweka chini ya meza ya kibandani. Chai ikawa inachora miduara ndani ya vikombe, na wateja wakawa wanakunywa cha pili ili waitazame. Hakufundishwa na mtu. Alitazama video kwenye simu, akakosea, akarudia. Ya pili aliinunua kinyozi wa jirani. Ya tatu, nzuri kuliko zote, aliiweka sakafuni ghalani wiki moja tu, na mchwa wakala karatasi yote na kumwachia rangi ya nje imesimama peke yake kama ganda la yai. Alipoigusa ilianguka. Siku hiyo alitukana vizuri kabisa, kisha akaenda kukoroga uji wa asubuhi.

Hii ya nne haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya baba yake.

Mzee Masolwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya ghala, fimbo magotini, akitazama. Kwa miaka mingi alikuwa na kazi mbili alizozipenda. Siku za kazi alikuwa mlinaji wa asali, mwenye mizinga yake iliyotundikwa porini. Jumapili alipuliza besi katika bendi ya matarumbeta ya kanisa la Moravian, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kama chatu aliyeshiba. Magoti yalimnyima miti. Masikio yakamnyima bendi. Yalizima kidogo kidogo, kama taa inayokwisha mafuta, mpaka ikabidi mtu ampigie kelele kwenye sikio la kushoto na bado asaidie kwa mikono.

Naye mwenyewe alipiga kelele bila kujua, kwa kuwa hakujisikia. Akiomba chumvi, nyumba ya tatu walijua chakula hakijakolea.

Kanisani aliacha kwenda. Sasa bendi ilikuwa inakaribia jubilei yake, Jumapili ijayo, na Mzee Masolwa ndiye pekee aliyebaki kati ya wapulizaji wa kwanza. Walimtengea benchi la mbele. Alikataa.

"Nikakae mbele niwatazame watu wakivimbisha mashavu?" alinguruma. "Si bora nikawatazame samaki!"

Stela hakubishana naye. Kulikuwa na jambo aliloliona siku moja kibandani. Baba yake alikuwa amevua kandambili, nyayo ziko chini, anakunywa chai. Ghafla akainua kidole. "Mizigo," akasema. "Ndefu." Hapakuwa na treni. Stela alitazama reli upande wa Tura, haikuwa na kitu. Alikuwa amekwisha kuosha vikombe viwili ndipo treni ya mizigo ilipojitokeza, ndefu kweli, ikapita ikitikisa sufuria.

Masikio yalikuwa yamezima, lakini miguu ilikuwa inasikia. Basi ampelekee besi huko iliko njia.

Mpango ulikuwa mwepesi: spika kubwa ndani ya bomba, bomba chini ya benchi la mbele, maiki mbele ya mdomo wa tarumbeta la besi. Aliyekuwa mgumu ni Amon, kiongozi wa bendi.

"Stela, kanisa si ukumbi wa disko."

"Sikuombi disko, Mwalimu. Nataka baba yangu akae kwenye benchi lake."

"Likinguruma vibaya katikati ya ibada?"

"Utalizima. Swichi iko nje."

Amon alikuna kidevu. Yeye mwenyewe alifundishwa kupuliza na Mzee Masolwa, tena kwa makofi ya kisogo. "Jumamosi saa kumi na moja tuna mazoezi ya mwisho. Lilete tulisikilize. Lisipofika Jumamosi, Jumapili nisilione."

Ndiyo maana siku ile alikuwa anatafuta matundu. Alikuwa na silikoni kidogo kwenye tyubu, ikaishia kwenye alama ya kwanza ya mkaa. Duka la vifaa hapo Igalula halikuwa nayo. Kwenda Tabora mjini kwa ajili ya tyubu moja ni kuacha kibanda siku nzima. Stela akaingia ghalani akatafuta kitu chochote kinachoziba, akalikuta bonge la nta la baba yake limefungwa kwenye kitambaa, gumu na la manjano, bado linanukia pori.

Akaliyeyusha kwenye kopo. Akapaka alama zote za mkaa, akapaka maungio ya mbao mbili zilizofunga ncha za bomba, na kwa kuwa nta ilibaki na yeye hapendi kubakiza, akapaka ukuta wote wa ndani. Mbao ya upande mmoja ilibeba spika. Mbao ya upande wa pili ilikuwa na tundu la duara la kupumulia, maana besi bila pumzi haisikiki.

Baba yake aliifuata kazi yote kwa macho, akitabasamu. Stela alifurahi kuona amechangamka.

Kisha likaja swali la mchwa. Mara hii hakuwa tayari kuwapa chakula. Akafunga kamba mbili, akalitundika bomba kwenye tawi la mkwaju nyuma ya jiko, juu kidogo ya kichwa cha mtu, limelala ubavu.

"Lilaze mbele kidogo!" baba yake alipiga kelele kutoka kitini. "Maji ya mvua yasiingie mlangoni!"

Stela aliona ni ushauri mzuri. Akaliinamisha upande wa tundu, akapunga mkono kushukuru, akaenda zake kibandani akiwa na amani ya mtu aliyewashinda mchwa.

Jumamosi alirudi mapema, saa tisa hivi, pamoja na Josepha na mkokoteni wa kuazima. Walipokata kona ya jiko wote wawili walisimama.

Bomba lilikuwa linanguruma.

"Umeliacha limewaka?" Josepha aliuliza.

"Halina hata umeme." Waya mbili zilining'inia zikicheza na upepo, hazijafungwa mahali.

"Basi limejiwasha lenyewe! Stela, umetengeneza mashetani!"

Stela alisogea hatua moja, kisha hakusogea tena. Kwenye tundu la kupumulia nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, wamejazana mlangoni kama abiria wa treni ya Kigoma. Wengine walikuwa wamefunika mbao yote, wamekaa mmoja juu ya mwingine, kahawia inayochemka.

Hapo ndipo akili yake ilipofanya hesabu ambayo ingepaswa kuifanya siku ile ya kwanza. Kitu cha duara, kirefu, kimepakwa nta ndani, kina mlango mmoja, kimetundikwa mtini. Kila mtoto wa Unyamwezi anajua hicho ni chambo cha nyuki. Na yeye alizaliwa na kulelewa kwa asali.

"Usiseme neno," alimwambia Josepha.

"Sijasema."

"Unacheka."

"Nacheka kimya."

Stela aliangalia jua. Mazoezi yalikuwa saa kumi na moja. Hasira zikampanda, na hasira za Stela hazikuwa za kulia, zilikuwa za kufanya jambo. Akaingia jikoni akatoka na kopo la mafuta ya taa na tambara. Wafe, watoke, bomba lifike kanisani.

"Weka chini!"

Mzee Masolwa alikuwa amesimama. Fimbo imeanguka nyuma yake na yeye hakuiokota. "Weka chini hilo kopo! Kundi zima limekuja lenyewe, bila kuitwa, na wewe unaleta mafuta ya taa? Tangu asubuhi nimewaona wapelelezi wao. Nilikuwa nakungoja uje uone!"

Akaja mpaka chini ya tawi, magoti yakilalamika. Nyuki wawili walitua kwenye shati lake akawaacha watembee. Akainua mkono, taratibu, akabandika kiganja chote kwenye tumbo la bomba.

Kidole cha kwanza kilitikisika, kisha vyote. Akafumba macho. Akaongeza mkono wa pili.

"Wanaimba," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo. Stela hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia baba yake akisema jambo kwa sauti ndogo. Hata Josepha aliacha kucheka.

"Wanaimba chini sana," mzee aliendelea. "Nawapata hapa." Akajigusa kifua.

Stela aliliweka kopo chini. Alimwendea upande wa sikio la kushoto lakini hakupiga kelele, aliona asiwaudhi wenyeji wa bomba. Alisimama mbele yake akatumia mikono. Akachora tarumbeta kubwa linalozunguka kiuno. Akavimbisha mashavu. Akaelekeza kidole kanisani, kisha kwenye bomba, kisha kwenye kifua cha baba yake.

Mzee alimtazama. Akalitazama bomba. Akatazama zile waya mbili zinazoning'inia, kama ndiyo kwanza anaziona.

"Huu si mzinga?"

Stela alitikisa kichwa.

"Hukunitengenezea mzinga?"

Akatikisa tena, na safari hii moyo ulimuuma.

"Ni spika?"

"Ni spika, Baba."

"Na umeipaka nta." Mzee alianza kutikisika mabega. "Ukaitundika mtini." Kicheko kikamtoka, kikubwa, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. "Na ukaiinamisha mlango, nilivyokwambia! Mtoto wa mlinaji! Mayu, hata babu yako hakuwahi kutega vizuri hivi!"

Alimwita mayu, mama, alipokuwa na furaha tu, kwa sababu Stela alirithi jina la mama mzazi wa mzee. Hakuwa amemwita hivyo kwa muda mrefu.

Alipomaliza kucheka alijifuta macho na kuanza kutoa amri, kwa sauti yake ile ya nyumba ya tatu. Uletwe mzinga wake wa zamani ulioko ghalani, wa gogo. Liletwe gunia. Yaletwe mavi ya ng'ombe makavu na kopo lenye matundu, la moshi. Josepha ajifunike khanga kichwani na aache kuruka ruka, nyuki waliotoka kuhama wameshiba, hawana ugomvi na mtu asiye na ugomvi.

"Wameshiba kweli?" Josepha alimuuliza Stela.

"Muulize wa kwanza atakayekuuma."

Wakalishusha bomba kama wanavyoshusha mgonjwa, wakalilaza juu ya benchi la jikoni. Mzee akakaa upande wa tundu na kopo lake la moshi. Stela alifungua skrubu za spika upande wa pili, moja baada ya nyingine, mikono imejaa jasho, nyuki wakitembea juu ya bisibisi. Spika ilipotoka, waliusukuma mzinga wa gogo ukagusana na mdomo wa bomba, wakazungushia gunia kwenye maungio.

"Sasa," mzee alisema, "waambieni njia."

Akapuliza moshi kwenye tundu. Na kwa ngumi ya mkono mwingine akaanza kugonga ukuta wa bomba, taratibu, kwa mpigo usiobadilika. Nyuki wa mbele walisita. Kisha wakaanza kutembea, safu kwa safu, wakiuacha moshi nyuma na kuingia gizani kwenye gogo.

Stela alisikiliza ile ngumi. Haikuwa inagonga ovyo. Ilipiga, ikanyamaza, ikapiga mara mbili, ikashuka. Alianza kuimba moyoni bila kutaka, na maneno yakakaa sawasawa juu ya mapigo. Ulikuwa wimbo wa mavuno. Baba yake alikuwa anawahamisha nyuki kwa besi ya wimbo wa mavuno.

Jua lilikuwa limefika kwenye paa la jiko Amon alipotokea kwenye kona, koti la bendi begani, hasira usoni.

"Shikamoo, Mzee. Stela! Tulikubaliana saa kumi na moja, kanisani."

"Najua, Mwalimu."

"Bomba liko wapi?"

"Hilo hapo."

"Lina nyuki!"

"Walikuwa wengi zaidi. Umechelewa."

Amon akafungua mdomo kujibu, na nyuki mmoja, labda yule aliyekuwa na ugomvi, akamchoma puani. Akaruka, akapiga kelele, akazunguka kama pia. Mzee Masolwa alimtazama bila huruma.

"Pua haipulizi tarumbeta!" akanguruma. "Simama, utawatisha!"

Amon alisimama. Ilikuwa amri ya mwalimu wake. Akashika pua, na macho yaliyojaa machozi yakamtazama mzee: hana fimbo, mikono ya shati imekunjwa, moshi umemzunguka kichwa, ngumi inagonga. Alitazama muda mrefu. Stela aliona midomo yake ikianza kucheza na mapigo.

"Ni wimbo wa mavuno," Amon alisema.

"Ndiyo."

"Ubeti wa pili."

"Wa pili."

Akavuta kamasi. "Kesho lilete kabla ya kengele ya kwanza. Swichi nitaishika mimi mwenyewe." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Na atakuja?"

Stela alimgusa baba yake bega, akaelekeza kanisani, akainua nyusi. Mzee hakuacha kugonga.

"Nitaona," akasema.

Asubuhi Stela alipofungua mlango, mbao za ncha za bomba zikiwa zimekazwa upya tangu jana jioni, alimkuta baba yake kitini. Amevaa koti la bendi la zamani, kifungo kimoja hakipo, linanuka moshi. Kwenye mkwaju mzinga wa gogo ulikuwa umetundikwa pale bomba lilipokuwa, mlango umeinamishwa kidogo.

"Unanichelewesha," mzee alisema.

Kanisa lilijaa mpaka barazani, watu wameegemea nguzo mpya. Bomba lililala chini ya benchi la mbele, limefunikwa kitenge. Waya ilipita ukutani mpaka kwa Amon, ambaye pua yake ilikuwa imefika kabla yake. Bendi ikasimama, matarumbeta yakameta, yakainuka.

Wimbo ukaanza. Mzee Masolwa alitazama mbele. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetazama samaki.

Stela alishika ukingo wa benchi. Hakuna kitu. Ubeti wa kwanza wote ulipita, mbao imetulia. Akamtazama Amon. Amon akamtazama yeye, akatazama mkono wake, akashtuka, akabonyeza swichi.

Benchi likapumua.

Haikuwa kelele. Aliyekaa nyuma hakujua kitu. Lakini kwenye benchi la mbele besi ilipanda kutoka sakafuni, ikapita kwenye mbao, ikaingia mifupani, nene na laini. Mzee Masolwa aliinama. Stela akadhani anaumwa. Alikuwa anavua viatu. Akavipanga pembeni, akaweka nyayo zake sakafuni, akabandika viganja viwili kwenye benchi, na shingo yake ikanyooka kama ya mtu aliyeitwa kwa jina.

Ubeti wa pili. Ubeti wa tatu. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilianza kubonyeza mbao kama vitufe vya tarumbeta.

Ghafla akakunja uso. Akamwinamia binti yake, akamnong'oneza, kwa kipimo chake cha mnong'ono, kanisa zima likasikia mpaka barazani:

"Huyo kijana wa besi anachelewa!"

Kicheko kilipita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mtama. Josepha alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Kijana wa besi, mashavu yamejaa, akatoa macho, akaharakisha, akaingia mahali pake. Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja. Hapo sawa.

Chini ya kitenge, kwenye tundu la bomba, nyuki mmoja aliyesahaulika alijitokeza. Alisimama ukingoni, besi ikimtikisa mbawa, kisha akapanda mguu wa benchi, akapanda mbao, akafika kwenye mkono wa Mzee Masolwa. Mzee alimwona. Hakumfukuza. Aliinua kidole kidogo, kile ambacho tarumbeta halikihitaji, na nyuki akapanda juu yake, akatulia hapo, huku vile vitatu vikiendelea kubonyeza.